Jina Lililokuwa Chini ya Kila Ukurasa

Bukavu, Jumapili ya pili ya Septemba

Kwa mdogo wangu mpendwa Gisa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na mkeo Tuyisenge, na wasichana wenu wawili, na huyo wa tatu ambaye sijamwona bado isipokuwa katika picha uliyonitumia, amefumba macho na kukunja ngumi kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Mweso, kikohozi cha Tuyisenge kimekwisha, na mvua haiingii tena kwa upande wa jiko. Mimi ni mzima. Magoti hunikumbusha ngazi za maktaba kila asubuhi, lakini hayo ni malalamiko ya umri, si ya ugonjwa.

Papa, mzee wetu, anawasalimu. Nilikuwa kwake Mushaki wiki iliyopita, siku nne. Anakula vizuri, anakunywa maziwa yake bila sukari, na anasikia kila anachotaka kusikia. Jicho la kulia limefifia, la kushoto bado linasoma. Ameniagiza nikuambie kwamba yule ng'ombe mwenye paji jeupe amezaa, na kwamba ndama ni jike. Aliirudia habari hiyo mara tatu, kwa hiyo naiandika kama nilivyopewa.

Utajiuliza kwa nini nimechagua karatasi badala ya simu. Jambo ninalotaka kukueleza lina sehemu nyingi, na simu yetu hukatika kila mara tunapofika sehemu ya pili. Tena nataka uwe nalo mkononi kwa maandishi, ili ukilisoma mbele ya watu usilazimike kutegemea kumbukumbu yako, wala huruma yako kwangu.

Nianze na barua yako. Umeniandikia kwamba ubatizo ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba, kwamba unataka mtoto achukue jina lako la Veruvoli, na kwamba watu wawili wamesimama njiani, kila mmoja kwa upande wake. Mzee Rukara, baba mkwe wako, analikataa kwa sababu ya maana yake. Anasema jina linalomaanisha "anayerudisha kundi" si la msichana, na amewauliza wanawe mbele yako, "Ngombe zikipotea, njo tutatuma mutoto wa kike?" Na Papa Luc, uliyemchagua awe parrain, baba wa ubatizo wa mtoto kwa kuwa ni mtu wa Walikale, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesema kwamba jina hilo ni neno la kale la watu wa msitu wa kwao, alifurahi sana mwanzoni. Kisha akaenda kuwauliza shangazi zake, akarudi kukuambia, kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia, "Kwetu ile neno haiko. Labda dada yako aliisikia kwa nyani." Unasema watu walicheka na wewe ukacheka nao. Unaniomba nikuandikie nililipata wapi, kitabu gani, ukurasa wa ngapi, ili uwaonyeshe wote wawili kabla padri hajaandika jina katika daftari lake. Halafu umeongeza sentensi moja ambayo nimeisoma mara nyingi: kwamba kama jina halina maana, hutamtwika mtoto mzigo huo, utaliacha liishie kwako.

Nitakujibu, na jibu litakuwa na chanzo na ukurasa. Lakini ili ulielewe lazima nipitie kwenye bédé za Papa, zile hadithi zake za picha.

Unavijua vile vijitabu kumi na vinne vya *Wordi Veruvoli katika Nchi ya Mwezi*, ambavyo Papa alianza kuvichora miaka mitano kabla hujazaliwa, alipokuwa mwalimu Kibabi, na parokia ikavitoa kwa mashine yake ya kunakilia, ile ronéo. Unajua pia vilivyotembea: vilishuka hadi Walikale ndani ya magunia ya maharage na migongoni mwa wawindaji, vikasomwa hadi kurasa zikawa laini kama kitambaa. Hadi leo, huko Kibabi, mtu anayependa kuamrisha wenzake huitwa "Wordi", kwa kuwa sote tuliamini kwamba Wordi ni cheo cha heshima kwa watu wa nyota. Sasa kuna kikundi cha Goma kinachotaka kuvichapisha upya, na kimeniomba niandike utangulizi unaoeleza wazi kipi ni cha Papa na kipi si chake. Niliipokea kazi hiyo kama ninavyopokea kazi yoyote: nikaenda kutafuta chanzo.

Papa hakuwahi kuficha kwamba alikopa. Amelisema jambo hilo maisha yake yote kwa maneno yale yale, nawe umeyasikia mezani mara elfu: "Picha nilikopa kwa Wazungu. Hadithi nilifuata yao. Jina tu njo yangu." Ni madai matatu, na nilikusudia kupima kila moja peke yake.

Chanzo ni gazeti la zamani la vijana la Kiflama, lugha ya Ubelgiji, ambalo mmisionari mmoja aliliacha katika karakana ya useremala aliporudi kwao. Ndani yake kulikuwa na hadithi ya picha, ukurasa mmoja kila wiki: roketi zenye mapezi, wafalme waliovaa kofia za chuma na kushika panga ingawa wanasafiri kati ya nyota, mijusi wenye mabawa. Papa alikuwa na kurasa arobaini na moja. Ukurasa wa mwisho haukuwemo katika furushi. Naye Papa hakujua hata neno moja la Kiflama. Mwenzangu mmoja wa Gent, huko Ubelgiji, alinitumia mfululizo wote, nami nikaulinganisha na vijitabu vyetu, picha kwa picha, kwa miezi mitano.

Dai la kwanza ni kweli. Katika picha mia mbili arobaini na sita, mia mbili na kumi na tisa zimefuatishwa mstari kwa mstari, hata mikunjo ya majoho. Ila zote zimegeuka. Papa alikuwa akibandika karatasi nyembamba juu ya picha kwenye kioo cha dirisha, akaifuata kwa penseli, kisha akaigeuza kifudifudi juu ya stensili na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Kila kilichokuwa kulia kikawa kushoto. Ndiyo sababu mashujaa wetu wote walipigana kwa mkono wa kushoto, na ndiyo sababu Mama alikukemea ulipokuwa mdogo usishike kijiko "kama mutu wa mwezi". Picha ishirini na saba zilizobaki hazina chanzo chochote: ni ng'ombe. Pale penye mijusi wenye mabawa, Papa aliwaweka ng'ombe wa pembe ndefu wenye mabawa. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeona kwamba shule haikunisaidia. "Mujusi," akaniambia, "utaikamua wapi?"

Katika dai la pili Papa amekosea, tena amejidhulumu mwenyewe. Anasema alifuata hadithi yao, na jambo hilo lisingewezekana. Kwanza, hakuielewa lugha. Pili, alikuwa akihamisha picha tatu za mstari mmoja kwa pamoja, kwa hiyo si mikono tu iliyogeuka bali hata mpangilio. Kwa Waflama, mfalme amesimama, mkuki unarushwa, mfalme anaanguka. Kwa Papa, mfalme amelala chini, mkuki uko hewani, mfalme amesimama. Naye, aliyepaswa kuandika maneno chini ya picha, alitazama kilichokuwa mbele yake akaandika alichokiona. Hivyo ikazaliwa ile nchi ya mwezi ambako mikuki hutoka miilini na kurudi kwenye mikono iliyoirusha, na aliyeirusha anaona aibu; ambako moshi hutangulia na nyumba hufuata ikiwa nzima; ambako ng'ombe waliochukuliwa hurudi kinyumenyume hadi kwenye malisho yao. Hadithi ya Waflama ni ya vita juu ya mgodi wa mawe yanayong'aa, na wote wanakufa isipokuwa wawili. Ya Papa ni ya mchungaji anayezunguka vilima vya mwezi akiwapokea watu wanapoamka. Hazina hata sentensi moja ya pamoja. Nimesoma bédé nyingi za aina hiyo na za miaka hiyo. Zilikopana minara, kofia na roketi bila haya, lakini jambo hili sijalikuta popote. Nimeandika katika utangulizi kwamba hadithi ni yake yote, na nimeiandika kwa uhakika ambao mara chache najiruhusu kuwa nao.

Nilipompelekea Papa habari hiyo niliyodhani ni njema, hakufurahi. Aliniambia kwamba kwa maneno yangu mengi ninachosema ni kwamba alikopi vibaya. Nilimweleza karibu saa nzima. Mwishoni alikubali, naamini, kwa adabu tu.

Limebaki dai la tatu, la jina, ambalo ndilo pekee alilojivunia. Hapa, Gisa, ukiwa umesimama, keti.

Chini ya kila moja ya zile kurasa arobaini na moja kulikuwa na maneno mawili: *Wordt vervolgd*. Papa aliyaona tangu siku ya kwanza. Ndani ya picha watu walikuja na kwenda: mfalme alikufa, binti wa mfalme alipotea baada ya ukurasa wa tisa, mwenye kofia ya chuma alibadilisha kofia hadi akawa hatambulikani. Maneno yale mawili tu hayakukosekana. Papa akafikiri, na kwa mtu asiyeijua lugha nauona uamuzi wake kuwa wa busara, kwamba hilo lazima liwe jina la mwenye hadithi, limewekwa chini kama mtu anavyoweka sahihi. Aliona kwamba neno la pili linaanza kwa herufi ndogo. Akajiambia kwamba labda Waflama wanabana matumizi ya herufi kubwa. *Wordt* akalifanya cheo. *Vervolgd* akalilainisha kwa ajili ya midomo yetu, likawa Veruvoli. Kwa kuwa sauti aliitengeneza yeye, aliamini na jina amelitengeneza yeye. Kumbe ndicho kitu pekee alichokichukua kwao bila kukigeuza.

Si jina la mtu. Ni maneno ambayo gazeti huandika chini ya ukurasa wakati hadithi haijamalizika. Maana yake ni: itaendelea.

Utacheka, nami sikukatazi, kwa kuwa nilicheka. Nilicheka katika chumba cha kusomea huko Gent, peke yangu kati ya wageni wenye magazeti yao, mwaka ule nilipokwenda kwa mafunzo, siku nilipoyaona maneno hayo chini ya hadithi ya mfululizo. Na hapa umefika mahali ambapo ningependa barua iishie, lakini haiwezi, kwa sababu wewe unajua kuhesabu. Mwaka ule ulikuwa miaka saba kabla ya arusi yako.

Nilijua, Gisa. Siku ile mzee Rukara aliposimama mbele ya wageni na kuuliza jina la mkwe wake lina maana gani, nilikuwa nimekaa na soda mkononi na jibu la kweli kichwani. Niliutazama uso wako. Nilikumbuka kwamba shuleni walikuita Sabuni, na nilikuwa nimewasikia shemeji zako nyuma yangu wakinong'onezana kwamba hilo ni jina la dawa ya kupe. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ukweli na kuwaacha wacheke hadi wachoke. Badala yake nilisimama nikasema kwamba ni neno la kale la watu wa msitu wa Walikale, kwamba maana yake ni "anayerudisha kundi". Nikalitafutia mzizi wake, na nikaongeza kwamba padri mmoja wa zamani aliliandika katika kamusi ya mkono. Neno hilo halipo. Mzizi haupo. Padri hayupo. Watu walipiga makofi, na wewe ukanitazama kwa shukrani ambayo nimeibeba kama kitu cha wizi tangu siku hiyo.

Mimi, ambaye kwa miaka ishirini nimewarudishia wanafunzi kazi zao kwa sababu ya namba moja ya ukurasa iliyokosekana, nilitunga chanzo. Ndicho kitu pekee nilichowahi kutunga bila kumkopa mtu, na angalia ubora wake: kimemfanya binti yako asistahili jina la baba yake, na kimemtuma mtu mwema kwa shangazi zake kuuliza neno nililoliokota hewani. Niliitumia lugha yao kama kabati la kufichia vitu, kwa kuwa niliamini hakuna atakayelifungua. Sehemu hiyo ndiyo inayoniaibisha zaidi. Mwambie Papa Luc hivyo, na umwambie kwamba nyani hawana hatia.

Naomba msamaha wako. Siuombi kwa haraka. Chukua muda unaokutosha.

Kuna jambo moja zaidi, na hili sikulijua hadi wiki iliyopita. Nilimuuliza Papa kwa nini alikupa wewe jina la kwenye bédé, mtu mwenye majina mengi ya ukoo ya kuchagua. Unajua kwamba kati yangu na wewe mama yetu Mukantabana alizaa watoto wawili, na kwamba wote wamezikwa Kibabi. Wa kwanza alipokufa nilikuwa na miaka minne, wa pili nikiwa na saba, na nakumbuka zaidi ya ninavyotaka kuandika. Ulipozaliwa, wanawake wa jirani walimshauri Papa akupe jina baya, la takataka au la chungu kilichovunjika, kama nyumba nyingi zilivyofanya, ili kifo kisikutazame mara mbili. Alikataa. Aliniambia kwamba alikwenda kwenye furushi lake la magazeti, akazipitia kurasa zote arobaini na moja, moja baada ya nyingine, akakupa jina la yule asiyekosekana hata kwenye ukurasa mmoja.

Unanijua kuwa mtu asiyependa kuligeuza kosa la kusoma kuwa muujiza. Papa hakujua maana ya maneno yale. Mchapaji wa Kiflama hakujua kwamba Kibabi ipo. Maandishi ya chini ya ukurasa si unabii, na katika utangulizi sitaandika chochote kinachofanana na hilo. Lakini uliniomba chanzo na ukurasa. Chanzo nimekutajia. Ukurasa: wa kwanza hadi wa arobaini na moja.

Nilimwambia Papa maana yake siku ya mwisho, tulipokuwa tumekaa nje na maziwa. Sikujua kama nimemvunja, na nilijutia usomi wangu wote. Kisha akaniomba nimwonyeshe ukurasa wa arobaini na mbili, ule ambao hakuwahi kuwa nao. Nilikuwa na nakala yake. Aliusogeza kwenye jicho zima, akashuka nao taratibu hadi chini, akakuta neno jingine. Akauliza hilo nalo ni nini. Nikamwambia kwamba ni "mwisho". Akaukunja ukurasa mara nne, akanirudishia, akaniagiza kwamba usiingie katika kitabu kipya, kwa kuwa "ile ukurasa haiko yangu". Nimemtii. Sababu nimeieleza katika tanbihi.

Kuhusu jina, anasema alilitoa siku uliyozaliwa, na hawezi kulijadili tena jambo ambalo ameshampa mtu. Mwenye jina ndiye aulizwe. Kwa hiyo uamuzi ni wako, nami ninaomba tu uamue juu ya ukweli, hata kama umechelewa. Ndani ya bahasha utaikuta karatasi ya pili, fupi, yenye sahihi yangu, kwa ajili ya mzee Rukara, Papa Luc na padri. Inasema kwamba nilidanganya, na inasema maneno yale yana maana gani. Hakuna kundi ndani yake, wala mchungaji, wala kinachomhusu mvulana kuliko msichana. Ukiona karatasi haitoshi, nitakuwa Mweso Ijumaa kabla ya ubatizo, Mungu akipenda na barabara ikipitika, na mzee Rukara anaweza kuniuliza swali lake tena mbele ya watu wote. Safari hii nitajibu nikiwa sina soda mkononi.

Msalimie sana Tuyisenge, na umwambie asitumie nguvu kuniandalia chochote. Wabusu wasichana wawili wakubwa. Nitawaletea madaftari yasiyo na mistari, kwa kuwa nasikia wanachora. Na mdogo wao umsalimie pia, ingawa sitamwita kwa jina lolote hadi baba yake aamue. Mnong'oneze tu kwamba shangazi yake yuko njiani, anakuja kumwomba msamaha kabla hajajua amekosewa nini.

Dada yako akupendaye,

Dorothée Umugwaneza